Zamu ya Anayemimina

Tok. Tok. Kimya. Tok. Tok. Kimya tena, kirefu kuliko kile cha kwanza.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Yvoty tangu jioni, na jikoni kwa don Eligio mtu hakuweza kuona hata mkono wake mwenyewe. Librada Ocáriz, mpelelezi wa kesi za watoto, alikaa kwenye kigoda huku sikio amelibandika ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Upande wa pili wa ukuta, nyumbani kwa jirani, mtu alikuwa anatwanga majani ya terere, kinywaji chao cha maji baridi, kwenye kinu cha mbao.

"Umesikia?" don Eligio alinong'ona.

"Nasikia kinu, don. Nyumba gani hapa Luque haina kinu?"

"Achana na kinu, msikilize mtwangaji. Anapiga mbili, anapumzika. Majani yenyewe konzi moja, mtu mzima apumzike nini? Halafu huyo hana viatu, namsikia anavyokanyaga saruji. Ni mtoto huyo, binti yangu. Macho yangu yalikufa miaka sita iliyopita, lakini masikio yamerithi kazi zote."

"Siku zote anatwanga hivi?"

"Aa-aa. Siku zote anatwanga mfululizo, vizuri kabisa. Hivi ameanza juzi. Na juzi hiyohiyo ndipo nilipomsikia analia. Akalia kidogo, mara akakata, ghafla tu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ndipo nikapiga simu kwenu."

Kutoka mlangoni ilisikika miayo mirefu. Ilikuwa ya Koplo Cañete, dereva na msaidizi wa Librada, mtu mwema ambaye ubongo wake huamka saa moja baada ya mwili.

"Mzee wangu," Cañete alisema, "si ni wewe uliyemshtaki huyu jirani yako, Ña Perla, mwaka jana kwa ajili ya ukuta huu huu?"

"Ndiye mimi. Ameujenga nusu mita ndani ya kiwanja changu."

"Basi."

"Basi nini? Nikimshtaki mtu kwa ukuta ndiyo masikio yangu yanakuwa ya uongo?"

Librada alikuwa bado amebandika sikio ukutani. Alikuwa anahesabu. Mbili, kimya. Mbili, kimya. Mtwangaji alikuwa anatumia mkono mmoja, na mkono wenyewe haukuwa ule uliozoea.

*

Kulipopambazuka waliingia kwenye gari, wakaliegesha chini ya mti wa lapacho, mbali kidogo na ile nyumba, wakangoja kuche vizuri. Cañete alikuwa anatafuna muhogo wa kuchemsha aliofungiwa na mkewe. Librada alifungua jalada magotini. Lilikuwa na kurasa kumi na moja tu, nyembamba mno kwa maisha ya mtu.

Yerutí Galeano, miaka tisa, kutoka kitongoji kimoja huko Caazapá. Alilelewa na bibi yake. Bibi akafa Novemba, ndugu wengine hawakupatikana. Picha ilikuwa nakala ya nakala, mtoto akiwa na miaka mitano, uso wote umekuwa kama doa la kahawa. Wiki ya kwanza ya Desemba akakabidhiwa kwa Ña Perla Villasanti, mjane, mwalimu wa katekisimu, ambaye jina lake lilikuwemo kwenye orodha ya walezi wa muda walioidhinishwa.

"Ofisa ustawi amekuja mara tatu," Librada alisema. "Mara zote alipiga simu siku moja kabla. Sikiliza alivyoandika: 'Mtoto ana afya njema, nadhifu, ana chumba chake. Mazingira ya upendo. Nilikaribishwa terere baridi.'"

"Mambo safi."

"Mara tatu ameandika hivyohivyo, neno kwa neno. Shule nazo zimefungwa mpaka mwisho wa Februari, hakuna mwalimu wa kuulizwa."

Alifungua ukurasa wa tisa, ule ambao walezi huwa hawapewi. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono na muuguzi aliyemleta mtoto mjini. *Alikataa kupanda gari mpaka aagane na ng'ombe wa marehemu bibi yake, aitwaye Panambi. Tumechelewa nusu saa.*

Cañete alicheka huku muhogo umemjaa mdomoni. "Hata ng'ombe ameingia kwenye jalada!"

"Leo saa tano hakimu anasaini," Librada alisema. "Akishasaini, Ña Perla si mlezi wa muda tena. Mtoto ni wake mpaka afikishe miaka kumi na minane, na hakuna ofisa atakayegonga tena mlango ule. Sasa hivi ni saa mbili kasoro. Futa mdomo, twende."

"Hatujawapigia simu."

"Ndiyo maana."

*

Ña Perla Villasanti hakushtuka. Alifungua mlango akiwa amevaa gauni la kitani, nywele zimechanwa, harufu ya sabuni nzuri ikitangulia mbele yake. Alivitazama vitambulisho vyao, akatabasamu, akamwita Librada dotora kama wanavyoitwa wasomi huko.

"Karibuni, wanangu, karibuni. Dotora, ingia usiungue na jua. Afande, na wewe. Ni yule kipofu, sivyo? Simlaumu. Upweke ni ugonjwa."

Aliwaketisha kwenye baraza ya nyuma, chini ya feni iliyokuwa ndiyo kwanza imerudi kuzunguka, kisha akaingia ndani kumwita mtoto. Alikaa kitambo kidogo. Librada aliangalia saa yake. Dakika nne. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu tu.

Mtoto alipotoka, Cañete alimtupia Librada jicho la kusema *si nilikwambia?* Msichana alikuwa amenona, mashavu yanang'aa, nywele zimesukwa mikia miwili yenye utepe, ndala nyeupe miguuni. Alikaa kwenye kiti kando ya Ña Perla, akapachika mikono chini ya mapaja.

"Hujambo, Yerutí?"

"Sijambo, dotora."

"Unalala wapi?"

"Chumbani kwangu. Kitanda changu kina chandarua cha waridi."

"Jana ulikula nini?"

"Tambi na kuku."

Majibu yalikuja upesi, safi, kama nguo zilizokwishapigwa pasi. Librada aliomba aoneshwe mikono. Mtoto aliinyoosha yote miwili bila woga, akaigeuza, akaikunja viwiko. Haikuwa na kovu, wala jeraha, wala uvimbe. Magoti nayo yalikuwa salama.

Wakati huo terere ilikuwa imefika. Kitoto kingine, chembamba, kichwa kimenyolewa, nguo ya mtu mkubwa imekivaa, kilikuja na jagi la maji ya barafu na pembe la ng'ombe lenye mrija wa chuma, kikasimama nyuma ya meza na kuanza kumimina. Kilimpa Ña Perla, kikapokea pembe, kikamimina, kikampa Librada. Kikapokea, kikamimina, kikampa Cañete. Kwa kuwa joto lilishaanza kuuma, kila mmoja alikunywa na kurudisha pembe bila kugeuza shingo, kama inavyofanywa kila baraza.

"Huyo ni wa mpishi wangu, Ramona," Ña Perla alisema kabla hajaulizwa. "Bubu, maskini. Na masikio pia hayamsaidii. Ramona amekwenda zahanati, basi amekiacha hapa kinisaidie saidie."

"Nani anatwanga majani hapa asubuhi?" Librada alimuuliza yule wa ndala nyeupe.

"Mimi," alijibu haraka. Kisha akamtazama Ña Perla.

"Nimemfundisha kazi ndogondogo," Ña Perla alisema. "Mtoto asiyejua kushika mchi ataolewa na nani?"

"Basi nitwangie, mwanangu. Hii imepoa ladha, ongeza nanaa."

Kinu kililetwa. Msichana alikishika kati ya magoti, akakamata mchi kwa ngumi mbili, akaponda kama anayefukuza panya. Tokotokotokotoko. Majani yaliruka, moja likatua kwenye kofia ya Cañete. Cañete alicheka, mtoto akacheka, hata Ña Perla akacheka, na kwa muda baraza ikawa ya watu wanaopendana.

"Anaona haya mbele ya wageni," Ña Perla alisema.

Librada aliyaokota majani mezani moja moja. Alikuwa anafikiria mapigo mawili na kimya.

"Niambie kitu kimoja, Yerutí. Siku ile ulipoondoka kwenu Caazapá, ulimuaga nani?"

Macho ya mtoto yalikwenda kwa Ña Perla, yakarudi. "Niliwaaga rafiki zangu. Na… na mbwa."

"Ee, mbwa," Ña Perla alidakia. "Alimlilia mbwa huyo wiki nzima, maskini wa Mungu. Hata nikataka kumletea mwingine."

"Alikuwa anaitwaje?"

"Watoto wanasahau haraka, dotora. Ndiyo neema yao." Akiwa bado anatabasamu, na akiwa amempa mgongo yule mmiminaji, Ña Perla alisema kwa sauti ya chini, "Barafu."

Kitoto kiliinua jagi, kikaenda jikoni.

Librada aliweka jani la mwisho kwenye sahani. Bubu, na masikio hayamsaidii. Lakini neno lililosemwa kwa mnong'ono, tena na mtu aliyempa mgongo, limemfikia.

Peke yake hilo halikuthibitisha kitu. Cañete alikwishafunga daftari lake. Saa tatu u nusu. Mzee mwenye kesi ya ukuta, mtoto mwenye afya, nyumba safi. Hakimu yeyote angesaini.

Ndipo ikasikika sauti ya mama muuza chipa, mikate ya jibini, getini.

"Chipa! Chipa ya moto, imetoka tanuruni sasa hivi! Ña Perla, leo vipi, mmefunga kula?"

Geti halikuwa na komeo. Mwanamke mnene mwenye aproni nyeupe alijisukuma ndani akiwa na kikapu kichwani, harufu ya jibini na anisi ikajaa uani. Mtoto wa ndala nyeupe aliruka kutoka kitini kabla hajafikiri. Viganja vyake viwili vilikutana chini ya kidevu, kichwa kikainama.

"Naomba baraka, mama."

Yule mama alikishikilia kikapu kwa mkono mmoja, kwa wa pili akachora msalaba hewani juu ya utosi wa mtoto. "Mungu akubariki, mwanangu, akukuze." Akamwekea chipa mkononi, kubwa kuliko zote.

Lilikuwa jambo la kupepesa jicho mara mbili. Hakuna mtu kutoka Luque hadi mtoni ambaye angelishangaa. Mtoto akimwona mzazi, bibi, au mama aliyemshika kwenye ubatizo, mikono hujikutanisha yenyewe. Hata akiwa amekasirika, hata akiwa na chakula mdomoni. Ña Perla mwenyewe hakuona ajabu. Alikuwa anatafuta pochi.

Librada alisimama. "Nami nitanunua. Zilizobaki za moto ziko chini, sivyo? Ngoja nikusindikize getini tuchague."

*

"Jina lako nani, mama?"

"Herminia. Kila mtu ananijua. Chukua hii, ina jibini la kutosha."

"Yule mtoto ni mwanao wa ubatizo?"

"Si wa ubatizo tu, ni wa roho! Nilimshika mwenyewe kwenye kisima cha kanisa letu hapa, miaka kumi iliyopita. Alilia, akamkojolea padri. Tangu siku hiyo nilijua huyu hataonewa na mtu."

"Anaitwa?"

"Fabiana. Mjukuu wa Ña Perla, kwa binti yake mkubwa anayekaa Asunción. Likizo zote yuko hapa kwa bibi." Ña Herminia alipunguza sauti. "Kuna nini? Fabi kafanya nini?"

"Hajafanya kosa lolote. Na Ramona mpishi, unamjua?"

"Ramona alifukuzwa tangu Pasaka ya mwaka jana. Anauza matunda sokoni sasa. Kwa nini Ña Perla aajiri mpishi? Ana kitoto cha kumfanyia kazi."

"Kitoto gani?"

"Si kile cha kule nyuma." Ña Herminia alifunika kikapu kwa kitambaa, akapandisha mabega. "Cha kulelewa. Hivi vitoto vya mashambani, unajua mwenyewe. Sote tumekuwa navyo nyumbani."

"Umewahi kumsikia anaongea?"

"Kile?" Alifikiri. Uso wake ulianza kubadilika taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. "Sijawahi kukiuliza neno, dotora. Mwaka mpya nilikiona kina nywele."

*

Librada aliporudi barazani, Ña Perla alikuwa amemwondoa Fabiana kitini na kumwambia aende akachore. Librada alibaki amesimama.

"Mwite Fabiana, Ña Perla. Hatumgombezi. Nataka tu ale chipa yake mahali ninapomwona."

Feni ilizunguka mara kadhaa. Ña Perla alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Ni kosa langu," alisema hatimaye, na machozi yakaja, machozi mazuri ya mtu anayejua kulia mbele za watu. "Nilimtumia mjukuu wangu. Niliogopa. Yule Yerutí alitoroka, dotora. Alitoroka Desemba ileile, wiki ya pili. Alikuja mwanamume akasema ni mjomba wake, akaenda naye. Ningesema nini? Mngenila mbichi. Mtafuteni huyo mjomba, mie nimekoma."

Cañete alifungua tena daftari, safari hii amekaa wima. "Mjomba wa wapi? Ana gari? Namba?"

"La bluu. Au kijani. Ilikuwa jioni."

"Dotora, tupige simu vituo vya barabara ya Caazapá…"

"Cañete," Librada alisema, "umekunywa terere mara ngapi leo?"

"Eti?"

"Pembe. Limekufikia mara ngapi?"

"Mara… nne? Sita. Kwa nini?"

"Mimi tano. Nani aliyetumiminia?"

Cañete aligeuka. Kitoto kilikuwa kimesimama palepale nyuma ya meza, miguu mitupu juu ya saruji, jagi limejaa barafu mpya. Kilikuwa kimelishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umezama ndani ya nguo ile kubwa, umebanwa tumboni. Asubuhi nzima ulikuwa humo.

Koplo alitazama mkono ule. Kisha akatazama pembe. Akavua kofia, akaiweka mezani, akabaki hajui mikono yake aiweke wapi.

"Mbili, kimya," Librada alisema. "Juzi kulitokea nini, Ña Perla?"

"Huyo ni wa Ramona! Nimeshasema."

"Ramona hajakanyaga hapa tangu Pasaka ya mwaka jana."

"Basi ni wa mwanamke mwingine, wa kufua! Bubu, hana karatasi, nimemwokota kwa huruma. Mnaweza kuthibitisha nini?" Machozi yalikuwa yamekauka. "Mama yangu alilea saba wa namna hii, wote waliamka kabla ya jogoo, wote waliolewa. Leo mmesoma, mnakuja kunifundisha ulezi kwenye baraza yangu. Mama yako mwenyewe hakuwa nacho kimoja jikoni, dotora? Eh? Hakuwa nacho?"

Librada alimpa mgongo. Alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa daktari wa zamu: mtoto wa miaka tisa, mkono wa kulia, aje hapa, hakuna atakayemgusa kabla yake. Ya pili ilikuwa kwa karani wa hakimu. Alieleza kwa sentensi sita.

Sauti ya hakimu mwenyewe ndiyo iliyorudi, kavu, ya mtu mwenye kesi kumi na nne siku hiyo. "Muuza chipa anathibitisha yule si Yerutí. Vizuri. Lakini anayekwambia huyu ndiye, ni nani? Kipofu? Picha ni doa. Nikiahirisha kwa shaka tu, huyo mama atakuja na wakili, mtoto arudi mikononi mwake leo hii, na kesho atakuwa hayupo kweli. Nipe kitu, Ocáriz."

"Una jalada mbele yako, mheshimiwa?"

"Ninalo."

"Fungua ukurasa wa tisa. Usisome kwa sauti. Usikate simu."

Librada aliiweka simu mezani, sauti imefunguliwa. Alimwomba Cañete amsogeze Ña Perla hadi mwisho wa baraza, mgongo wake uelekee huku. Kisha akavuta kigoda kilichokuwa kando ya kinu, akakaa chini, chini kabisa, mpaka macho yake na ya mtoto yakawa sawa.

Hakuuliza jina. Jina lilikuwa limeshachukuliwa na mwingine mara tatu mbele ya ofisa, mtoto akiwa amesimama hapohapo na jagi.

"Asubuhi yote umemimina," alisema kwa Kiguarani, polepole, kama wanavyosema huko mashambani. "Na anayemimina ana zamu yake, si ndiyo? Kwenu anakunywa wa kwanza. Hapa sijaona ukinywa hata mara moja."

Mtoto alilikumbatia jagi.

"Nipe jagi. Leo namimina mimi."

Ilichukua muda. Vidole vya mkono wa kushoto vililegea kimoja kimoja, na jagi likahama. Librada alimimina maji kwenye pembe mpaka majani yakapanda, akamnyooshea kwa mkono wa kulia, kama anavyopewa mgeni. Mtoto alitazama mwisho wa baraza, kwenye mgongo wa gauni la kitani. Akatazama pembe. Mlangoni, Fabiana alikuwa amesimama na chipa yake ambayo hajaiuma. Alikuja kwa ndala zake nyeupe, akaikata vipande viwili, kipande kikubwa akakiweka mezani mbele ya mwenzake, akarudi mbio ukutani.

Mtoto akapokea pembe. Akanywa mpaka mrija ukakoroma.

"Nimimine tena?"

Kichwa kilichonyolewa kilikubali.

"Haya." Maji yalipanda tena. "Taratibu, ya baridi hiyo. Hakuna anayekuharakisha. Nina swali moja tu. Ukitaka, jibu. Usipotaka, tutaendelea kunywa."

Simu ya hakimu ilikuwa bado wazi mezani. Mwisho wa baraza Ña Perla alianza kusema kitu, na Cañete, ambaye katika miaka kumi na moja ya kazi hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alimwambia, "Nyamaza, mama."

"Siku ile ulipoondoka kwenu," Librada aliuliza, "ulimuaga nani?"

Mtoto alilirudisha pembe, kwa adabu, kwa mkono wake mzima. Midomo ilifunguka, ikafunga. Alikohoa kidogo kama mlango wa chumba kilichofungwa tangu Desemba. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika mpaka upande wa pili wa ukuta:

"Nilimuaga Panambi, ng'ombe wetu."